Oili ya gia ikigeuka chai ya maziwa: yanayosemwa pwani ya Sahare na ukweli wake

Asubuhi kabla mashine ya boti haijawashwa, weka kikombe cheupe chini ya gia, ile sehemu ya chini ya mashine inayobeba pangaboi, kisha legeza skrubu ya chini. Oili nzima hutoka na rangi ya asali, au nyeusi kiasi kama imeshafanya kazi. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hapa Sahare, Tanga, nimeiona chai hiyo mara nyingi, na maneno yanayofuata huwa ni yale yale.

"Oili imechoka tu, mwaga uweke mpya."

Hili ndilo linalotutia hasara kuliko yote. Oili ikichoka huwa nyeusi, haiwi nyeupe. Weupe ni maji, na maji yana mahali yalipopitia. Boti ya mjomba wangu tuliibadilishia oili mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila mara ikarudi chai. Mara ya nne nikavua pangaboi. Nyuma ya ile washa (pete) nene nikakuta mshipi wa kuvulia umejizungusha kwenye shafti, umekaza kama pete, sehemu umeyeyuka kwa joto. Nilipoukata kwa kisu, mdomo wa sili, ile pete ya mpira inayozuia maji yasiingie pembeni ya shafti, ulionekana umechanika, upana wa ukucha wa kidole kidogo.

Fundi alizitoa sili zote, kwa kawaida huwa mbili, kisha akapitisha ukucha juu ya shafti. Ukucha ukinasa kwenye mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, hata sili mpya haitashika. Ya mjomba ilikuwa laini, alhamdulillah. Tangu hapo, kila bamvua boti ikikaa mchangani, pangaboi linavuliwa na shafti inakaguliwa.

"Lazima sili zimekufa."

Si lazima. Anza na vitu vya bei ndogo: washa za skrubu mbili za gia, ya juu na ya chini. Zikirudishwa kila mara bila kubadilishwa hubonyea na kupitisha maji. Yapo pia maji yanayopita kwenye sili iliyo chini ya pampu ya maji, au ile ya fimbo ya kubadilishia gia. Kuotea hakusaidii. Mwambie fundi amwage oili, aifunge gia, aijaze upepo wa psi 10 hivi, theluthi tu ya ule wa tairi la gari, kisha aichovye kwenye pipa la maji. Mapovu yatakuonyesha penyewe. Upepo mwingi husukuma sili nzima zikang'oka, kwa hiyo asizidishe.

"Maji machache hayana neno, oili huelea."

Huelea mashine ikiwa imelala. Ikizunguka, meno ya gia huyapiga maji na oili vikawa kitu kimoja, na utando unaotenganisha chuma na chuma unakatika. Boti ikipumzika, maji ya chumvi hushuka chini na kuanza kutu kwenye beringi. Tena gia iliyopata joto ikipoa ndani ya bahari hunyonya, hivyo tundu dogo huingiza maji hata baada ya kuzima.

"Oili ya gia ni ya mara moja kwa mwaka."

Vitabu vingi vya mashine husema saa 100 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Anayekwenda baharini saa 3 kila siku hutimiza saa 100 kwa mwezi mmoja na siku chache.

"Hata oili ya injini inafaa, mimina tu kwa juu."

Haifai. Meno ya gia hukandamizana kwa nguvu kubwa, na mashine nyingi hutaka oili ya gia namba 90. Kuimimina kwa juu nako hufungia hewa ndani, ukadhani imejaa kumbe bado. Simamisha mashine wima, fungua skrubu zote mbili, sukuma oili kupitia tundu la chini hadi itoke la juu bila mapovu. Funga la juu kwanza, ndipo uchomoe mrija na kufunga la chini haraka. Kama ilikuwa chai, iendeshe kidogo, imwage kwenye dumu, ujaze tena, mpaka itoke safi. Baada ya safari ya kwanza, iache ilale usiku kucha, kisha rudia kile kikombe cheupe: maji, kama bado yapo, ndiyo yatakayotangulia kutoka.