Bunduki ya Henry: Winchester hakuibuni

Wengi husema bunduki ya kwanza ya wenzo (mkono wa chuma chini ya bunduki unaosukumwa na kuvutwa ili kupakia risasi) ilibuniwa na Oliver Winchester wa Marekani. Sivyo. Yeye alikuwa mwenye kiwanda cha mashati aliyetia fedha zake. Hataza ya 1860 ya bunduki ya Henry ni ya fundi wake, Benjamin Tyler Henry, naye aliboresha tu Volcanic, silaha ya wenzo ya miaka ya 1850.

Henry ya asili hubeba risasi zake katika bomba chini ya mtutu. Ipindue uitazame: bomba lina mwanya mrefu, na humo husogea kishikio cha springi inayosukuma risasi. Mchanga ukiingia, au kiganja cha kushoto kikikizuia, risasi hukwama. Mbao ya kushikia mbele haina. Ukiona kilango cha kujazia ubavuni, hiyo si Henry ya asili; kilango hicho kilikuja na Winchester ya 1866.