Zimwi Gumu, Kundi au Peke Yako: Yanayosemwa Maskani na Yaliyo Kweli

Ubishi huu hauishi kwenye maskani za Unguja wala za Pemba: zimwi gumu la gemu ya mtandaoni, liendewe na kundi au mtu alikabili peke yake? Nazungumzia zile gemu ambazo unamlea mhusika wako, unampandisha levo, unamvisha deraya na kumpa silaha, kisha unampeleka kwa bosi, yaani lile zimwi gumu, ambaye pigo lake moja linatosha kukurudisha ulikoanzia. Kila upande una misemo yake, na mingi inawapotosha wanaoanza. Wapo vijana wazuri walioacha gemu kwa kuambiwa mambo yasiyo kweli, na hilo linaniuma, maana majibu yapo wazi ndani ya hesabu za gemu zenyewe.

"Tukienda wengi, bosi atakufa haraka"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote. Ingekuwa kweli kama damu ya bosi, yaani kipimo cha uhai wake, isingebadilika, lakini gemu nyingi huihesabu upya kila anapoingia mtu. Chukua Diablo II, iliyotoka mwaka 2000 na bado ina wachezaji wake. Kila anayeingia baada ya wa kwanza huliongezea zimwi nusu ya damu yake ya asili. Mkiwa wanane, ambao ndio ukomo, zimwi lina damu mara nne na nusu. Gawanya kwa wanane: kila mmoja ana kazi inayozidi kidogo tu nusu ya kazi ya aliye peke yake. Hapo kundi lina faida, tena kubwa.

Sasa wanne kati yenu wako mjini wanauza vitu vyao, au wameiacha gemu wazi wanakunywa chai. Gemu inawahesabu walioingia, haiangalii nani anapigana. Wanne waliobaki wanaubeba mzigo wote wa mara nne na nusu, na kila mmoja wao anafanya kazi kubwa kuliko ambayo angeifanya kama angekwenda peke yake tangu mwanzo. Wasiopigana hawakuwasaidia kwa chochote, wameliongezea zimwi damu tu.

Monster Hunter: World ya 2018 ina mtego mwingine. Kundi halizidi watu wanne, zimwi linaongezewa damu, na juu ya hayo kuzimia kunahesabiwa kwa pamoja. Katika misheni nyingi, kuzimia mara tatu ndiyo mwisho. Mgeni mmoja akizimia mara zote tatu, misheni imekufa kwa wanne wote, hata kama wenzake hawakuguswa.

Zipo gemu ambazo idadi ni sharti. World of Warcraft ilipotoka 2004, pango la Molten Core lilitengenezwa kwa watu 40, na mabosi wake hawakupunguza damu kwa kuwa mmefika 25. Siku hizi mapango yake ya ngazi za kawaida hujipima yenyewe kwa kundi la watu 10 hadi 30, ila ngazi ngumu kabisa, Mythic, inataka watu 20 kamili. Kwa hiyo swali la kwanza ni damu ya bosi huyu inahesabiwaje. Ukishalijua hilo ndipo uanze kupigia watu simu.

"Kila mtu apige tu, kwa nguvu zake zote"

Makundi mengi yanafia hapa, na mara nyingi anayelaumiwa siye mwenye kosa. Bosi hamshambulii mtu kwa bahati nasibu. Ndani ya gemu kuna hesabu ya hasira: kila pigo, na hata kila tiba unayompa mwenzako, hupandisha hasira ya bosi juu yako. Kazi ya tanki, yule mwenye deraya nzito, ni kuwa na hasira kubwa kuliko wote ili bosi amtazame yeye peke yake. Katika World of Warcraft, anayepiga kwa karibu akifikisha asilimia 110 ya hasira aliyoijenga tanki, bosi anamgeukia. Kwa anayepiga kwa mbali, kiwango ni asilimia 130.

Aliyewahi kuangalia mchezo wa ng'ombe kule Pemba atalielewa hili upesi: mmoja yuko mbele na ng'ombe anamtazama yeye, na wakikurupuka wote kwa pamoja haijulikani ng'ombe ataelekea wapi. Mpigaji anayeanza kabla ya tanki kujenga hasira anauawa yeye, kisha anauawa tabibu anayejaribu kumwokoa, halafu tanki anabaki bila wa kumtibu. Khalas. Na lawama zote zinamwangukia tabibu. Kama wewe ni mpigaji, hesabu pumzi tatu nne baada ya tanki kugusa bosi, ndipo uanze.

"Bingwa wa kweli hahitaji mtu"

EverQuest, gemu ya 1999, ilikuwa na joka linaloitwa Kerafyrm ambalo wengi waliamini haliuawiki. Novemba 2003, kwenye seva (kompyuta kuu inayoendesha gemu) ya Rallos Zek, liliuawa. Walikusanyika karibu wachezaji 200 kutoka vyama vilivyokuwa vikishindana, wakapigana kwa saa kadhaa, wakifa na kufufuliwa na matabibu wao na kurudi tena vitani. Hakuna ustadi wa vidole ambao ungemwezesha mtu mmoja kufanya kazi ile.

"Anayecheza peke yake anakimbia watu"

Nalipinga hili kwa nguvu kuliko yote, kwa sababu linawadhalilisha watu wanaofanya kazi ngumu. Kuna mabosi ambao gemu yenyewe imekataza kundi. Mfano mzuri ni TzTok-Jad wa Old School RuneScape, gemu ambayo tangu 2018 inachezwa hata kwenye simu, na ndiyo maana inafaa sana kwetu. Unaingia pangoni peke yako, unapita mawimbi ya mazimwi, na katika wimbi la 63 anatoka Jad. Damu yako ikiwa imefika kileleni ni 99. Pigo lake linaweza kuchukua 97.

Unavukaje? Unamtazama mwili wake. Akishindilia miguu ya mbele chini, jiwe linakuja juu yako, na unatakiwa uwe umewasha kinga ya mishale, ambayo huzuia jiwe pia. Akijiinua na kuning'iniza miguu kabla ya kutema moto, washa kinga ya uchawi. Anapiga mara moja kila baada ya karibu sekunde tano, na chaguo lake hulijui mpaka alionyeshe. Damu yake ikifika nusu, wasaidizi wanakuja kumtibu, na inabidi uwavute kwako huku macho yakiwa bado kwake. Mtu akifa anaanza upya kuanzia wimbi la kwanza. Anayemaliza hapa amejifunza subira na kusoma adui, na ukimwingiza kwenye kundi atakuwa mtu wa kutegemewa.

"Intaneti ya visiwani haituruhusu kundi"

Kuna ukweli ndani yake, ila umetiwa chumvi. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 kwenda na kurudi hula milisekunde 10. Kutoka hapa hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na waya haunyooki. Basi hata intaneti iwe safi vipi, milisekunde 70 zimeshaliwa kabla hujafanya lolote.

Linganisha na gemu unayocheza. Old School RuneScape husoma amri zako kila baada ya sekunde 0.6, yaani milisekunde 600. Kuchelewa kwa 150 au 200 hakukunyimi nafasi. Kwenye gemu za kukwepa kwa haraka utaumia, na hapo ni busara kuwaachia utanki walio karibu na seva, wewe ukapiga kwa mbali. Hiyo ni kupanga kazi vizuri.

Wanaodhani kwamba kucheza peke yako kunakuepusha na mtandao nao wamekosea. Genshin Impact, hata ukiwa peke yako kabisa, haifunguki bila intaneti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilisuasua Afrika Mashariki nzima, na gemu za namna hii hazikuweza kumtofautisha wa kundi na wa peke yake. Kinachomaliza bando, kwa taarifa yako, ni kupakua masasisho kuliko mapigano yenyewe.

"Kwenye kundi ngawira inapungua"

Inategemea. Genshin Impact kila mmoja anapata yake. Old School RuneScape, kwa mabosi wengi, ngawira ni ya aliyepiga damu nyingi zaidi. Diablo II inaanguka chini na mwenye mkono mwepesi anaokota, kwa hiyo semezaneni kabla ya kuanza.

"Mlipe mtu akuulie"

Hii inazidi kushika kasi: kijana anatoa pesa na neno lake la siri ili fundi amuulie Jad. Sheria za RuneScape zinakataza kumpa mtu mwingine akaunti yako, na inaweza kufungwa. Pia mwenye neno la siri anaweza asiirudishe kabisa. Mdogo wako akikwambia, "Kaka, nishikie simu unipigie hili dude," mjibu, "Shika mwenyewe, mie nakaa hapa." Kisha kaa ubavuni kwake, tazameni kioo pamoja, na kila Jad anapojiinua mtajie kinga ya kuwasha. Msaada huo haukatazwi, na pango analivuka yeye mwenyewe.