Vitabu vya mazimwi: acheni kuuliza "ni cha miaka mingapi?"

Maktabani, mzazi akishika kitabu cha picha chenye zimwi, hukigeuza nyuma kutafuta umri. Wiki ijayo anarudi na lawama: kimeandikwa miaka 4, mbona wangu wa miaka 5 amekataa kulala?

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba umri wa jaladani unapima hofu. Haupimi. Mara nyingi unakadiria zaidi urefu wa maandishi na ugumu wa maneno. Haujui kwamba mwanao anaogopa giza, wala kwamba mmemzika babu yake juzi. Tena kinachotisha hubadilika mtoto anavyokua. Wa miaka 3 hadi 5 hutishwa na sura: meno, macho mekundu, ukurasa mweusi tii, hata zimwi lenyewe likiwa jema. Akifika miaka 8 hivi, meno hayamsumbui sana. Anakosa usingizi kwa jambo linaloweza kutokea kweli, kama mwizi wa usiku au mama asiyerudi. Ndiyo maana kitabu chenye picha za kupendeza na mzazi aliyepotea kinaweza kumliza mkubwa huku mdogo akikifurahia.

Kwa hiyo kisome chote wewe kwanza, tafadhali! Mwaka 1969 mwanasaikolojia Bruno Bettelheim alikikosoa "Where the Wild Things Are", kitabu cha picha cha majitu cha mwandishi na mchoraji Maurice Sendak, bila kukisoma, akitegemea maelezo ya akina mama. Watoto wanakipenda mpaka leo. Tafuta ukurasa unaotisha zaidi, kisha uone baada yake kuna nini. Na mwache mtoto afunue kurasa mwenyewe. Hili nitalisema kila siku: anayefunua anaweza pia kufunga.

Wengine husema: "Mwambie tu si kweli." Kwa wa miaka 4 haisaidii sana. Mpakate, mpe cha kushika. Maelezo yanamfaa mkubwa.

Wengine nao: "Mazimwi yanaharibu watoto." Bibi zetu walisimulia mazimwi kila usiku baada ya paukwa, pakawa. Ila bibi alitazama nyuso, akiona mmoja amejikunyata anapunguza sauti au anamleta shujaa mapema. Fanya vivyo hivyo unaposoma.

Akisema "rudia", msomee tena hata mara kumi. Akiziba macho na hataki hata kukiona kitabu, kirudisheni. Mwakani bado kitakuwa rafuni.