Ujuzi wa kiwanda haukai kwenye kompyuta

"Tununue programu, tuingize taratibu zote, kisha tupange upya kazi ya kiwanda." Kauli hii ya wakuu wa viwanda husemwa Nakuru, husemwa Kisumu, na inachosha kuisikia. Programu hutunza kilichoandikwa tu, na mengi yanayoendesha kiwanda hayajaandikwa popote.

Tazama kiwanda cha sukari cha ukanda wa Nyando. Karatasi inasema: chemsha shira mpaka chembe za sukari zikomae. Fundi wa zamu huchota kidogo, hupaka kwenye kioo na kukimulika kwenye taa. Akiona vumbi la chembe changa kati ya zile kubwa, anajua shira imekolea kupita kiasi, naye huongeza maji ya moto kuziyeyusha. Zikiachwa, huziba wavu wa mashine inayotenga sukari na molasi (uji mweusi unaobaki), na nyingine hupenya na kwenda na molasi. Hicho kioo hakimo kwenye mchoro wa mchakato. Atakayechora mchakato mpya akiwa ofisini atakifuta bila kujua.

Kwa hiyo kaeni kando ya mashine kwanza, zamu zote tatu, maana kila fundi ana mkono wake. Ulizeni: unaangalia nini? Ukikiona unafanya nini? Kwa nini? Andikeni kwa Kiswahili, na picha ya kioo kizuri kando ya kibaya. Kisha mpeni karatasi hiyo fundi mwingine aifuate, mwenye ujuzi akiwa amesimama nyuma yake, kimya. Anapokwama ndipo penye pengo. Zibeni, rudieni, ndipo mguse mchakato.

Najua mtakavyojitetea. "Wazee wanaficha ujuzi." Wengi hawajaulizwa tu, au wanahofia kuachishwa kazi wakishasema. Waelezeni mapema nafasi zao zitakuwaje, tena kwa ukweli.

"Anayestaafu ataandika wiki ya mwisho." Mmechelewa. Miwa ya mvua haichemki kama ya kiangazi, kwa hiyo anzeni mwaka mzima kabla.

"Tunakili taratibu za kiwanda jirani." Lengo la pH (kipimo cha uchachu) ya 7 hivi kwa maji ya miwa mnaweza kulinakili. Kiasi cha chokaa inayotiwa kupunguza uchachu huo, hapana: kinategemea miwa yenyewe na siku ilizolala baada ya kukatwa. Chokaa ikipungua, sukari huvunjika. Ikizidi, maji hugeuka meusi na magamba huganda kwenye mirija. Kiasi hicho hupimwa papo hapo, kila zamu.