Je, wajua kwa nini tone la kahawa likikauka huacha duara?

Ukiketi barazani Mji wa Kale, Mombasa, baada ya swala ya alasiri, utamsikia muuza kahawa kabla hujamwona: vikombe vinagongana mkononi mwake, dele la shaba linafuka juu ya makaa. Akimimina kahawa chungu, tone moja halikosi kuangukia kisahani cheupe cha kashata. Usilifute. Likishakauka, litazame kwa karibu. Katikati pamebaki hudhurungi hafifu, na pembeni pamezunguka mstari mweusi mwembamba, kama uliochorwa kwa wanja. Kahawa ilikuwa imeenea tone zima. Nani ameihamishia pembeni?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba ukingo wenyewe ndio unaovuta chembe za kahawa. Sivyo. Chembe zinabebwa na maji.

Mwaka 1997, Robert Deegan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walilieleza jambo hili katika jarida la Nature. Ukingo wa tone hunasa kwenye mikwaruzo midogo ya kisahani, hivyo tone haliwezi kujikusanya linapokauka. Upana wake unabaki uleule, kinachopungua ni kimo. Na pembeni ndipo maji yanapogeuka mvuke upesi zaidi, kwa kuwa pale mvuke una uwazi mkubwa wa kutokea. Maji yanayopotea ukingoni hufidiwa na yale ya katikati, basi ndani ya tone unapita mkondo mdogo wa kutoka kati kwenda nje, umejaa chembe. Watafiti hao walifunika tone kwa kifuniko chenye tundu dogo juu ya kitovu chake, mvuke ukawa unatokea hapo kati. Duara halikujichora. Nalipenda sana jaribio hili: kifuniko na tundu tu, na ubishi umekwisha.

Mkondo huo hauendi kwa mwendo mmoja. Tone linapokaribia kuisha, njia ya maji pembeni imekuwa nyembamba mno, na mkondo huenda mbio. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, walionyesha kwamba chembe zinazotangulia kufika ukingoni hujipanga kwa utulivu, safu kwa safu, na zinazochelewa hurundikana ovyo. Aliyewahi kuvuka Likoni anaijua hali hii. Waliowahi feri wamesimama kwa nafasi zao. Wa mwisho wanaingia mbio, kila mmoja anasimama alipoangukia.

Lakini kuna chembe ambazo hazichori duara kabisa, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mwaka huohuo wa 2011, kikundi cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, kilichukua chembe za plastiki za umbo la mpira, ndogo kiasi kwamba 1,000 zikipangwa mstari mmoja hazizidi milimita 2. Wakazinyoosha zikawa ndefu, mfano wa kokwa ya tende. Zile za mpira zilichora duara kama kahawa. Zile ndefu, zilipofikia urefu wa mara 3.5 ya upana wake, zilikauka zikiwa zimetandaa sawasawa tone zima.

Mkondo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni jinsi chembe inavyoukuta uso wa maji. Uso huo umekazika mithili ya ngozi ya ngoma. Chembe ya mpira ikiugusa, haiupindi sana. Ndefu huupinda: mahali hupanda, mahali hubonyea. Fikiria kitanda cha kamba kilicholegea. Watu wawili wakilala, kila mmoja anabonyeza pake, na bila kutaka wanajikuta wamesogeleana. Chembe ndefu nazo husogezwa na mpindo wa maji, zikashikamana juu ya tone kwa nguvu ambayo mkondo hauwezi kuivunja, na safari ya ukingoni inaishia hapo.

Kwa watengenezaji wa wino na rangi hili ni jambo kubwa, maana tone la wino likikauka kwa duara, herufi huwa na kingo nzito na kati pamepauka. Kikundi hicho kilichanganya chembe ndefu chache na za mpira, na zile ndefu zikafanya kazi ya wavu wa jarife: chembe kubwa za mpira zilinaswa, zikatandaa pamoja nazo. Ndogo mno zilipenya matundu kama dagaa, zikafika ukingoni na kuchora duara lao.