Mdudu wa Mti Hasafiri Peke Yake

Watu wengi wanaotuletea taarifa za miti inayokauka huanza kwa kuuliza dawa: tupulize nini? Mimi huuliza kwanza mdudu huyo amefikaje hapo, kwa sababu mara nyingi aliyemleta ni binadamu. Mbawakawa anayetoboa miti, akitegemea mabawa yake, aghalabu huishia kwenye miti ya jirani. Akipakiwa kwenye lori la kuni, kesho yuko mkoa mwingine. Akiwa ndani ya mbao za kufungashia mizigo, anavuka bahari.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mbawakawa wa kijani anayeitwa kitaalamu Agrilus planipennis. Kwao ni mashariki mwa Asia, ambako miti ya jamii ya Fraxinus (kwa Kiingereza ash) imeishi naye tangu zamani na ina namna ya kujikinga. Mwaka 2002 aligunduliwa Marekani, karibu na Detroit, na inaaminika aliingia ndani ya mbao za kufungashia bidhaa. Watafiti walipochunguza pete za miti iliyokufa, walikuta alikuwa ameshaingia tangu miaka ya 1990. Muda wote huo watu walikata kuni, wakasafirisha miche na magogo, wakamtawanya bila kujua. Ameua mamilioni kwa mamilioni ya miti, na sasa juhudi zilizobaki huko ni za kumpunguza kasi tu.

Hakuonekana mapema kwa sababu mdudu mzima hula majani kidogo tu. Wanaoua mti ni funza wake, waliojificha chini ya gome. Hula tabaka laini linaloshusha chakula kutoka majanini hadi mizizini, wakiacha nyuma yao njia za kupindapinda zilizojaa unga wa mbao. Njia hizo zikishazunguka shina, mti umenyongwa, hata kama kwa mbali bado unaonekana wa kijani. Sogea karibu. Tundu alilotokea mdudu huyu lina upana wa milimita 3 hadi 4, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo, kama herufi D. Mbawakawa wa Asia mwenye vipapasio virefu huacha tundu la duara linaloweza kupitisha penseli. Angalia pia unga wa mbao kwenye tako la shina, utomvu unaotiririka mahali pasipokatwa, na vichipukizi vinavyojaa chini huku kilele kikikauka.

Magonjwa nayo hupitia milango hiyohiyo. Mwaka 1904, huko New York, ulionekana ugonjwa wa fangasi kwenye miti ya Castanea dentata (chestnut ya Marekani). Asili ya fangasi hao ni Asia. Kufikia katikati ya karne, mabilioni ya miti hiyo yalikuwa yamekufa. Mizizi mingine iko hai hadi leo: inachipua, vichipukizi vinakua miaka kadhaa, kisha ugonjwa unavirudia. Vimelea vya jamii ya Phytophthora huishi kwenye udongo na maji, hivyo husafiri na miche ya kwenye viriba na hata na matope ya viatu. Ndiyo maana New Zealand imefunga baadhi ya njia za misituni na kuwataka wageni wasugue viatu kabla ya kukaribia kauri, miti mikubwa ya huko inayouawa na kimelea cha jamii hiyo. Wako wanaoona huo ni usumbufu. Mimi naona ni bei ndogo sana kwa mti unaoweza kuishi zaidi ya miaka 1,000.

Kwa mizigo ya kimataifa ipo kanuni ya ISPM 15, iliyopitishwa mwaka 2002. Inataka mbao za kufungashia zitibiwe; njia inayotumika zaidi ni kuzipasha joto hadi katikati ya ubao pafike nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. Ubao uliotibiwa hupigwa muhuri wenye suke la ngano, herufi mbili za nchi na alama ya tiba, kwa mfano HT kwa joto. Unapopokea mzigo kutoka nje, tafuta muhuri huo. Ukiukosa, au ukaona vumbi jipya likidondoka kwenye ubao, usiuuze wala usiugawe uwe kuni. Toa taarifa.

Kuhusu kuni, zichomwe karibu na zilikokatwa, basi. Miche inunuliwe kwenye kitalu kinachokaguliwa.

Dawa ya kupuliza haimfikii funza aliye chini ya gome. Zipo za kudungwa kwenye shina, lakini hizo huokoa mti mmojammoja, si msitu. Kinachofaa kwa msitu ni kuwahi. Kent, Uingereza, mbawakawa mwenye vipapasio virefu alipokutwa kwenye miti mwaka 2012, zaidi ya miti 2,000 ilikatwa na kuharibiwa, ukaguzi ukaendelea, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba ametokomezwa. Kuipoteza miti hiyo kunauma, lakini aliwahiwa akiwa bado eneo dogo. Akishaenea, tegemeo huwa ni maadui wake wa asili, kama nyigu wadogo walioachiliwa Malawi mwaka 1994 dhidi ya vidukari vya misaiprasi vilivyoonekana huko mwaka 1986. Nyigu wa namna hiyo lazima wapimwe kwanza wasije wakageukia wadudu wengine.

Ukiona dalili nilizozitaja, piga picha mbili: moja ya mti mzima, nyingine ya tundu ukiweka sarafu kando yake kuonyesha ukubwa. Mdudu ukimpata, mfungie kwenye chupa ngumu. Andika mahali mti ulipo, kisha ijulishe ofisi ya misitu au ya afya ya mimea. Tafadhali usikate tawi ukatuletea ofisini. Liache hapohapo, tutalifuata sisi.