Picha ya ukurasa si ukurasa: dhana potofu kuhusu vitabu na programu za wanafunzi wenye mahitaji tofauti

Jioni mwalimu anapiga picha zoezi la ukurasa wa 34, anaitupia kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na kazi imekwisha. Wazee wanafungua, watoto wanaandika. Kwa mwanafunzi asiyeona anayetegemea simu imsomee, zoezi lile halipo. Simu aghlabu inamwambia kuna picha, basi. Lau mwalimu angeliyaandika maswali yale matano kwa maneno ndani ya ujumbe, mtoto huyo angeliyasoma saa ile ile na wenzake, bila ya kifaa kipya na bila ya shilingi moja zaidi.

Makosa mengi katika skuli za Unguja na Pemba ni ya namna hiyo. Nia ipo, kifaa mara nyingi kipo, lakini imani iliyo nyuma yake si sahihi. Kipimo tunachokitumia hapa ni kimoja: je, mtoto anaweza kukifungua kitabu na kukisoma mwenyewe, bila ya kungoja mtu?

Dhana: Simu inayosoma kwa sauti haijui Kiswahili, na ikijua itasoma chochote

Yote mawili si kweli. Simu nyingi za Android zina kisoma skrini kiitwacho TalkBack, hakuna cha kununua. Kinachoharibu ni kwamba simu aghlabu huja imewekewa sauti ya Kiingereza, na sauti hiyo ikikutana na "maji ya kunywa" hutamka kitu kisichoeleweka na mtoto wala mzee. Hapo watu hukata tamaa na kuizima. Ingia kwenye Mipangilio, tafuta sehemu ya zana za watu wenye matatizo ya kuona au kusikia, kisha sehemu ya kusoma maandishi kwa sauti, chagua Kiswahili na upakue sauti yake wakati una bando. Ikishapakuliwa inafanya kazi hata mtandao ukikatika.

Jambo la pili linalowashinda wengi ni kidole. TalkBack ikiwashwa, kugusa mara moja hakufungui kitu, kunakitaja tu. Kufungua ni kugusa mara mbili haraka, kwenda kitu kinachofuata ni kutelezesha kidole kulia, na kushuka chini ya ukurasa ni kwa vidole viwili. Familia isiyojua hili hudhani simu imeharibika na kuipeleka kwa fundi.

Kwenye kompyuta ya Windows kuna kisoma skrini kiitwacho NVDA, kilichoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, nacho hutolewa bure. Ndani yake mna sauti ya eSpeak NG inayosoma Kiswahili. Ni sauti kavu, ya mashine, na mgeni huikataa siku ya kwanza, lakini ni nyepesi kwa kompyuta kuukuu na inaeleweka hata ikiharakishwa.

Ama kusoma chochote, hapana. Kisoma skrini husoma herufi, na ukurasa uliopigwa picha au kuskaniwa hauna herufi, una rangi tu. Faili likiwa la PDF, jaribu hivi: kidole kikae juu ya neno moja kwa sekunde mbili. Neno likijipaka rangi peke yake, hayo ni maandishi. Lisipojipaka, ni picha, hata kama macho yako yanaliona safi kabisa. Google Lens inaweza kuyatoa maneno kutoka kwenye picha, ila yapitie kabla ya kuyatuma, khasa tarakimu na ng'.

Dhana: Nukta nundu ni lugha ya wasioona, na simu imeshaiondoa

Nukta nundu, nukta zilizoinuka zinazosomwa kwa vidole, ni namna ya kuandika, si lugha. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka angali mtoto, aliichapisha mwaka 1829: nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu, ya kushoto 1 hadi 3 na ya kulia 4 hadi 6 kutoka juu, zinazotoa michanganyiko 63. Herufi a ni nukta ya 1 peke yake, b ni ya 1 na 2, m ni ya 1, 3 na 4. Kiswahili kinaandikwa kwa herufi hizo hizo. Kiarabu nacho kina nukta nundu zake, na kinyume cha msahafu wa wino, husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo mtoto anayekwenda skuli asubuhi na chuoni jioni habadilishi mwendo wa mkono.

Kuhusu simu, tunalisema wazi: kusikiliza si kusoma. Sikio halijui neno linaanza na dh au z nyumbani ambako watu hawazitenganishi, halijui jedwali lina safu ngapi, wala halirudi nyuma kwa urahisi katikati ya hesabu ya kugawa. Mtoto aliyelelewa kwa sauti tupu hufika kidato cha pili akijieleza vizuri sana kwa mdomo na kushindwa kuandika barua. Simu na nukta nundu vinakwenda pamoja.

Wanaoanza aghlabu hutumia kibao na kijiti chake chenye ncha ya chuma. Nukta hutokeza upande wa pili wa karatasi, kwa hiyo mtoto anatoboa kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi ameipindua. Akisahau kuipindua moja tu, haiwi doa, inakuwa herufi nyingine halali. Herufi e (1, 5) ikigeuka ni i (2, 4), basi "weka" inasomeka "wika". Herufi d ikigeuka ni f, na "dua" inakuwa "fua". Herufi h ikigeuka ni j, na "hua" inakuwa "jua". Mwalimu asiyelijua hili humkosesha mtoto tahajia, kumbe tahajia anaijua na mkono ndio uliogeuka. Mashine ya Perkins, ya kuchapia nukta nundu, haina tatizo hilo kwa sababu nukta hutokea juu na mtoto anazipapasa papo hapo, ila ina uzito wa karibu kilo 5, si mzigo wa kubebwa kila siku na mtoto wa darasa la pili.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80, haifai. Nukta hulala baada ya kusomwa mara chache. Tafuta ya gramu 120 au zaidi. Vitabu vya nukta nundu visimamishwe kabatini kama vinavyosimama vitabu vya duka, visilazwe kimoja juu ya kingine, kwani uzito hubana nukta. Wakati wa masika viondolewe ukutani na sakafuni, maana unyevu wa visiwa vyetu hulainisha karatasi na kilicholainika hupapasika vibaya. Na usishangae ukubwa: ukurasa mmoja wa wino huzaa kurasa mbili au tatu za nukta, kwa hiyo kitabu kimoja cha wenzake, kwake ni majalada kadhaa. Mpe jalada la muhula huu, mengine yakae skuli.

Ramani pia inasomeka kwa vidole. Ufukwe wa Pemba uzungushiwe kamba nyembamba ya usumba iliyogundishwa, bahari iachwe karatasi tupu, Chake Chake, Wete na Mkoani ziwe vifungo vitatu vya shati. Kati ya mstari na mstari acha angalau milimita 3 hadi 5. Zikikaribiana zaidi, ncha ya kidole huzisoma kuwa kitu kimoja. Ghuba zote za pwani ya magharibi usizitie. Ramani ya macho ikichongwa vile vile ilivyo, kwa vidole ni fujo.

Dhana: Macho dhaifu yakitumiwa sana yatakwisha

Kusoma kitabu kikiwa karibu na pua hakuyaharibu macho. Kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu ndiyo njia yake ya kuyakuza maandishi, naye aachwe. Wanafunzi wengi wenye ualbino wamo katika kundi hili: miwani huwasaidia kiasi, haiwafikishi kuona kama wengine, na mwanga mkali huwaumiza. Wakae mbele, dirisha likiwa nyuma yao au ubavuni. Kuwapa nukta nundu kwa sababu tu wanasoma kwa taabu ni kuwanyima macho waliyonayo.

Kukuza kopi kutoka A4 hadi A3 hakuifanyi herufi kuwa mara mbili. Inakua mara 1.4 tu, ya saizi 12 ikawa kama 17, nayo karatasi haienei dawatini. Afadhali maandishi yachapwe upya kwa saizi 18 hadi 24, herufi zisizo na vijimikia vya urembo nchani, nafasi ya mstari mmoja na nusu, karatasi isiyong'aa. Herufi kubwa tupu na herufi za kulala ziepukwe. Na karatasi ya mtihani isipigwe lamineti: taa ikimulika, mtoto anaona taa.

Dhana: Kiziwi anaona, basi maandishi yanamtosha

Aliyezaliwa kiziwi hakukisikia Kiswahili barazani wala jikoni. Kwake Kiswahili cha kitabuni ni lugha ya pili, anayoingia bila ya kuwahi kuisikia, hivyo maneno yaliyoandikwa chini ya video hayamfungulii kitu mpaka awe na lugha ya kwanza. Lugha hiyo ni ya alama, na lugha za alama si moja duniani: ya Marekani si ya Uingereza, na ya Tanzania ni nyingine tena, yenye sarufi yake. Programu ya kigeni inayofundisha alama itamfundisha mtoto wa Micheweni alama ambazo kiziwi mwenzake wa Wete hazijui. Kabla ya kuipakua, muonyeshe kiziwi mtu mzima wa hapo hapo.

Video bora ni ile mnayoirekodi wenyewe. Anayeashiria aonekane kutoka kiunoni hadi juu kidogo ya kichwa, mikono isitoke nje ya picha hata akiinua, ukuta wa nyuma uwe wa rangi moja, shati lisifanane na rangi ya ngozi, dirisha liwe mbele yake. Likiwa nyuma, uso unakuwa kivuli, na katika lugha ya alama uso ni sehemu ya sentensi: nyusi ndizo zinazogeuza maelezo kuwa swali.

Dhana: Programu yoyote ya herufi itamsaidia anayechelewa kusoma

Nyingi zimetengenezwa kwa Kiingereza. Zinamwambia mtoto kwamba i ni "ai" na e ni "ii", kisha darasani anaambiwa asome "embe" na kusoma "imbi", akachekwa. Zizime. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, na hata mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika, kwa kawaida atafika kwenye neno. Tatizo lake litaonekana katika mwendo, anasoma polepole mno na kuchoka kabla sentensi haijakwisha. Tena maneno yetu ni marefu: "hawakunisomesha" ni sentensi nzima ndani ya neno moja. Mkatie silabi, ha-wa-ku-ni-so-me-sha, kisha muonyeshe vipande vyenye kazi, ha-wa-ku-ni-somesha. Dakika kumi kila siku zinashinda saa nzima Jumamosi.

Fonti maalumu zinazouzwa kwa ajili ya disleksia na karatasi za rangi za kuwekwa juu ya ukurasa hazijathibitika kusaidia. Nafasi pana kati ya herufi na mistari mifupi zina faida zaidi, na ni bure. Hadithi fupi za Kiswahili za kuchapishwa zimo kwenye tovuti za African Storybook na StoryWeaver, zimepangwa kwa ngazi, na unaruhusiwa kuzinakili.

Dhana: Ubao wa picha utamfanya mtoto asiseme

Kinyume chake. Mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili anayepewa picha za kuashiria hapungukiwi na maneno, na wengi huongeza. Picha za bure zimo kwenye tovuti ya ARASAAC, zinazotolewa na serikali ya jimbo la Aragon, Hispania. Anza na sita hadi tisa tu. Kosa la kawaida ni kujaza vyakula: chapati, embe, juisi. Weka "sitaki", "tena", "imekwisha", "nisaidie", "choo". Mtoto asiye na njia ya kusema "sitaki" ataisema kwa kupiga na kutupa. Na mtu mzima aziguse picha hizo mwenyewe huku akizungumza, kwa wiki kadhaa, kabla ya kutarajia mtoto aziguse.

Dhana: Kishikwambi kitafundisha chenyewe

Hoja hii hutolewa ushahidi wa ng'ambo ya bahari, Tanga, ambako shindano la Global Learning XPRIZE liligawa vishikwambi vya Kiswahili katika vijiji karibu 170. Washindi wa 2019, onebillion na Kitkit School, walionyesha kwamba watoto wasio na skuli wanaweza kujifunza kusoma kwa kishikwambi. Ni kweli na ni kubwa. Lakini programu zile zinategemea macho yanayoona picha na masikio yanayosikia maelekezo. Mtoto asiye na kimojawapo anahitaji mtu kando yake.

Dhana: Kitabu cha sauti ni kazi ya studio, tena ni wizi

Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016, unazitaka nchi wanachama, Tanzania ikiwemo, ziruhusu nakala za kusomeka na wasioona. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, basi skuli iulize COSOZA, taasisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kabla ya kusambaza.

Chumba chenye pazia na godoro kinatosha. Zima feni, chagua wakati usioingiliana na adhana, simu iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiigonge. Ukurasa mmoja huchukua kama dakika mbili, kwa hiyo kitabu cha kurasa 120 ni saa nne. Kwa MP3 ya kilobiti 64, ya chaneli moja, hiyo ni kama megabaiti 115, na kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 16 itabeba zaidi ya vitabu mia. Michoro nayo isomwe: sema kilichomo, kutoka juu kwenda chini. Kila sura iwe na faili lake, majina yaanze 01, 02, 03, la sivyo simu itaipanga sura ya 10 kabla ya ya 2. Na kila ukurasa utajwe namba yake kabla ya kusomwa, ili mwalimu akisema "fungueni ukurasa wa 34", naye aufungue.